Kamba ya Hadithi ya Kidato cha Pili D

Saa moja ya usiku ilipita na binti hakuwa amerudi. Mama Dobi alikuwa mezani anapiga pasi shati lile lile kwa mara ya tatu. Lilikuwa shati la karani mmoja, na kola yake ilikwisha kunyooka kiasi cha kusimama yenyewe, lakini mkono wa mama ulikataa kutulia. Akisikia miguu barabarani, anainua pasi na kutega sikio. Miguu ikipita, anaishusha.

"Dada, utaunguza shati la watu," alisema mdogo wake, fundi baiskeli, ambaye alikuwa amekaa pembeni akisugua grisi kwenye kucha kwa tambara. Binti alimwita mjomba, na mtaa mzima nao ukafuata, hata wazee waliomzidi umri.

Mama Dobi aliendelea kupiga pasi. Roho yake ilikuwa juu, na sababu alikuwa nayo. Binti yake wa pekee alikuwa mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari ya mtaa wa pili, lakini mwalimu wa majaribio. Katika ukaguzi wa kwanza, mkaguzi alikaa nyuma ya darasa akawasikiliza wanafunzi wakitaja istilahi za hadithi fupi kama kasuku: wahusika, mandhari, mgogoro, taharuki, kilele. Kisha akamwuliza msichana mmoja taharuki iko wapi katika hadithi waliyoisoma. Msichana akajibu bila kusita kwamba iko ukurasa wa kumi na mbili, katikati ya orodha. Mkaguzi akaandika kwenye fomu yake: wanakariri, hawaelewi. Sasa ulibaki ukaguzi mmoja tu. Akipita, anathibitishwa kazini. Asipopita, muhula ukiisha anakabidhi chaki. Jioni hiyo walimu walikuwa na kikao, na huko ndiko ingejulikana ukaguzi ni lini, tena ni wa darasa gani.

Mama Dobi alikuwa mtu wa wasiwasi tangu ujana. Aliacha shule darasa la tano mama yake alipougua, akaingia kwenye mabeseni ya watu, na humo ndimo alimomsomeshea mtoto. Alijua shati la nani lina kifungo kilichopasuka na shuka la nani limeanza kuchakaa katikati. Kusubiri ndiko kulikomshinda. Akisimuliwa habari yoyote, hata ya kuku aliyepotea, lazima aulize kwanza: "Mwishowe alipatikana?" Akiambiwa ndiyo, hapo anakaa chini asikilize kwa raha zake.

Saa mbili kasorobo mlango ulisukumwa. Binti aliingia na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, na alikuwa anacheka.

"Kesho, mama. Kipindi cha kwanza."

"Darasa gani?"

"Gereji."

Mama Dobi aliizima pasi. Gereji ndilo jina walimu walilolipa Kidato cha Pili D, darasa la wale walioshindikana kwingine, kama magari yanayovutwa kwa kamba mpaka kwa fundi. Wanafunzi wenyewe walilipenda jina hilo hata wakapeana majina ya vipuri. Mama akauliza kwa sauti ya chini ni nani mwenye roho mbaya aliyempangia mtoto wake darasa lile siku kama ile. Binti akasema hakupangiwa. Mkuu wa shule, mama mwenye huruma kuliko uso wake ulivyoonyesha, alikuwa amempa achague, A au D, na yeye amechagua D.

"Umepewa kitanda ukachagua mkeka?"

"Mwache, dada," mjomba alisema. "Fundi hapimwi kwa baiskeli mpya."

Binti alieleza, huku anakula amesimama, kwamba A wangekariri tena, maana wanajua kukariri. Gereji hawajui, na kwa wiki nne sasa amekuwa akiwafundisha kwa njia nyingine kabisa. Ndiyo maana alichelewa. Baada ya kikao alibaki darasani akifunga kamba.

Kamba hiyo Mama Dobi aliijua vizuri kwa kuwa ilizaliwa uani kwake. Jumapili iliyofuata ule ukaguzi wa kwanza, binti alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, amejikunyata kama mgonjwa, akimtazama mama anavyoanika. Mashuka yaliyolowa yakaivuta kamba ikashuka karibu kugusa chini. Mama akachukua ule ufito wake mrefu wenye panda, akaipachika kamba kwenye panda, akausimika ufito katikati ya ua. Kamba ikainuka juu, mashuka yakapepea. Binti akaruka kutoka kwenye ndoo, akamkumbatia mama aliyekuwa bado na sabuni mikononi, akakimbilia ndani kutafuta karatasi.

Tangu siku hiyo hadithi zilianikwa. Binti anaandika kila tukio kwenye karatasi yake na kuibana kwa kibanio cha nguo. Msuko ni namna ulivyopanga karatasi zako kwenye kamba. Ukichukua jambo la zamani ukalibana katikati ya mambo ya leo, hiyo ni mbinu rejeshi. Panapokaa ufito, kamba ikiwa juu kabisa, ndipo kwenye kilele. Na ile safari ya kupanda, ambapo msomaji anajiuliza itakuwaje, ndiyo taharuki. Mama alikuwa mwanafunzi wa kwanza. Alijifunza huku anapiga pasi, na maneno yale yalimnogea kama peremende mdomoni. Mjomba akichelewa kusema baiskeli ya mteja imeibwa au haikuibwa, anaambiwa aache taharuki. Jirani aliyemsifu mumewe kwa bidii ilhali mume amelala mpaka saa sita, Mama Dobi alimaliza habari yake kwa neno moja: kinaya. Mjomba alilalamika kwamba sasa nyumba ina walimu wawili na mshahara mmoja.

Hadithi ya kesho tu ndiyo ambayo mama hakusomewa. Binti alikuwa ameitunga mwenyewe usiku uliotangulia, inahusu seremala, na alisema darasa litaisikia kwanza.

Asubuhi binti aliondoka kabla jua halijatoka, daftari kifuani, maana zamu ya uwanjani ilikuwa yake. Mama Dobi alibeba beseni lake la kwanza, akatoka uani, na pale ukutani akauona ufito umeegemezwa. Ulikuwa umefungwa kitambaa chekundu kwenye panda ili darasa zima lione. Ulitayarishwa, kisha ukasahauliwa.

Aliacha beseni hapo hapo. Hakubadilisha hata khanga. Alitoka barabarani na ufito begani, mrefu kuliko yeye mara mbili, na kila alipogeuka kuangalia gari watu waliinama. Muuza magazeti alimwuliza kama anakwenda kuangua nyota. Mwanamke aliyekuwa akifagia mbele ya duka alimwambia ampelekee salamu huyo anayekwenda kuchapwa. Mama Dobi hakuwa na muda wa kucheka. Alikuwa akihesabu dakika, na moyo wake ulikuwa umetangulia mbele ya miguu.

Alifika kengele ya gwaride ikiwa imeshalia. Wanafunzi wote walikuwa uwanjani wanahesabiwa, walimu nao wamesimama mbele. Mlinzi wa getini, mteja wake wa sare mbili kila wiki, alimwelekeza darasa la mwisho kwenye baraza.

Darasa lilikuwa tupu. Kamba ilitoka kwenye msumari wa dirisha mpaka kwenye msumari wa ubao. Lakini dirisha moja lilikuwa halina kioo, na upepo wa usiku ulikuwa umefanya kazi yake. Karatasi tano zilikuwa sakafuni, moja imeingia chini ya dawati. Mbili zilining'inia kwa pembe. Hazikuwa na namba.

Mtu mwingine angezirundika mezani akamwachia mwenyewe. Mama Dobi hakuwahi kuacha nguo iliyoanguka chini tangu azaliwe. Aliziokota, akazipangusa kwenye khanga, akasoma. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

Mwanamke anasimama kwenye karakana ya seremala akimtukana mbele ya watu kwa sababu kabati lake limechelewa miezi sita. Majirani wanakusanyika na kucheka. Seremala hainui macho. Mwanamke aliagiza kabati msimu wa mavuno. Seremala alipima ukuta kwa shubiri, hakutumia futi. Aliahidi, akaahidi tena. Kabati linatolewa nje, zuri ajabu, na watu wananyamaza. Mwanamke anampa karatasi asaini, seremala anaishika juu chini. Na karatasi ya mwisho kuokotwa, ile ya chini ya dawati: macho ya seremala yalizimika tangu msimu wa mvua, kabla ya kabati kuagizwa, na hakumwambia mtu.

Mama Dobi aliirudia karatasi hiyo mara mbili. Kisha akaitazama kamba, akaona ile ya matusi ipo mbele kabisa na ile ya kuagiza ipo katikati, akajua kwa hakika kwamba upepo umevuruga kila kitu. Nguo zikichanganyika hazianikwi nusu nusu. Zinashushwa zote, zinapangwa upya. Alizishusha zote. Kilichotangulia kutokea kikatangulia kubanwa: seremala kupofuka, halafu kuagiza, halafu shubiri, halafu ahadi, na matusi huko mwishoni yalikostahili, yakifuatwa na kabati na saini tu. Aliusimika ufito katikati. Kamba ikakaa vizuri, imenyooka kama ya hoteli. Akasikia vishindo vya viatu vinakuja, akatoka, akasimama barazani kando ya lile dirisha lisilo na kioo, jasho likimtiririka, akiwa amefurahi kama mtu aliyeokoa nyumba isiungue.

Wanafunzi waliingia kwa kusukumana. Nyuma yao akaingia mkaguzi, mzee mwembamba mwenye fomu kwenye ubao wa kuandikia, akakaa kwenye dawati la nyuma na magoti yakamfika kidevuni. Mkuu wa shule alisimama mlangoni. Mwisho akaingia binti, akasalimia, akageuka kwenye kamba.

Mama aliona mkono wa mtoto ukipanda kwenye sikio. Tangu ana miaka mitatu, akishikwa na hofu hujivuta sikio.

Kabla hajasema neno, msichana wa dawati la mbele alisimama. Huyo ndiye Honi, jina alilolipata kwa haki.

"Mwalimu, kuna mtu kaua hadithi yetu."

Mama Dobi aliukamata ukingo wa dirisha.

"Imeuliwaje?" binti aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

Honi akaeleza bila kupumua kwamba wao jana jioni waliibana na mwalimu, walikuwa sita waliobaki kumsaidia, wengine wamesimuliwa asubuhi, na mwanzo ulikuwa matusi. Sasa mwanzo umekuwa upofu. Ukishamwambia mtu kwamba seremala haoni, basi kila kitu anakijua, atasubiri nini tena? Taharuki imekufa. Ile shubiri ilikuwa dokezo, sasa si dokezo, ni maelezo tu. Na mbinu rejeshi hakuna, vitu vimefuatana kama treni.

Mbinu rejeshi. Neno lilimpiga Mama Dobi utosini. Alilijua. Alilisema mwenyewe juzi tu, pasi ikiwa mkononi. Kumbe haukuwa upepo uliotanguliza matusi, alikuwa mwalimu. Aliinama chini ya dirisha akajifunika mdomo kwa khanga, na akaona wazi, kama anasoma kwenye fomu ya yule mzee, kazi ya mtoto wake imeponyoka, na aliyeiponyosha ni yeye.

Humo ndani binti aliitazama kamba. Angeweza kuzishusha karatasi na kuomba radhi. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kibanio cha kwanza. Ukaacha.

"Nani anampinga Honi?" aliuliza.

Halafu dawati likalia nyuma kabisa, karibu na mkaguzi, na kijana mnene ambaye jina lake lilikuwa Betri akainuka. Wenzake walimwita hivyo kwa sababu alikaa muhula mzima kama amekwisha chaji.

"Mimi nampinga," Betri alisema. "Taharuki imekufa, sawa. Ila mimi nilivyosoma hii ya leo, yule mama alipoanza kutukana, nilitaka nimzibe mdomo. Mimi najua, yeye hajui. Jana tulipoibana sikusikia hivyo. Jana nilicheka naye."

"Hiyo inaitwaje?" Binti aliuliza, na sauti ilikuwa imerudi.

Betri alikuna kichwa. Midomo kumi ilitaka kumsaidia, binti akainyamazisha kwa kidole.

"Kinaya," Betri alisema. "Anasema mtu mzembe, kumbe ndiye anayefanya kazi gizani."

Basi hapo darasa likawaka. Gereji waligawanyika pande mbili kama timu za mpira. Upande wa Honi walisema hadithi ya jana inakubamiza mwishoni, unajiona mjinga kwa kuwa ulicheka. Upande wa Betri walisema ya leo inakuchoma tangu mwanzo hadi mwisho. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba anapenda kuumia taratibu kama mgonjwa wa jino, akajibiwa kwamba yeye anapenda kushtuliwa kama mtoto. Binti aliwaachia, lakini kila aliyesema aliulizwa umeona wapi, na ilibidi asogee mbele aguse karatasi yenyewe. Hakuna aliyetaja ukurasa wa kumi na mbili.

Mama Dobi aliinuka pole pole mpaka macho yakapita ukingo wa dirisha. Hakuwahi kuona watoto wakigombania kusema namna hiyo.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa ufito. Katika mpango wa jana kilele kilikuwa pale seremala anaposhika karatasi juu chini, na wote sita walikubaliana. Sasa kiko wapi? Honi aliuburuta ufito kwenye matusi. Betri akautoa akaupeleka kwenye lile kabati zuri, watu waliponyamaza. Kamba ikapanda huku, ikashuka huku, vibanio vikaruka. Na katikati ya fujo hiyo ikasikika sauti kavu kutoka nyuma ikisema kwamba wote wawili wamekosea. Alikuwa mkaguzi. Alikuwa amesimama. Fomu aliiacha kwenye dawati, akaja mbele, akaomba ufito kwa Betri kwa adabu, akausimika kwenye karatasi ya kwanza. Alisema kwamba kwake yeye, mtu akipofuka asimwambie yeyote, hapo hapo ndipo juu kabisa, mengine yote ni kushuka. Honi akamwambia, "Samahani mzee, lakini kilele hakiwezi kuwa mlangoni, mtu hata hajavua viatu." Darasa lilipasuka kwa kicheko, na mzee naye akacheka mpaka akatoa leso.

Kengele ililia, na hakuna aliyeinuka mpaka walipofukuzwa.

Barazani mkaguzi alimpa binti mkono. Alisema kwamba katika miaka yake yote hajaona maandalizi kama yale: kufunga hadithi kwa mpango mmoja, kisha usiku kuivuruga makusudi ili wanafunzi wenyewe wagundue kilichopotea na kilichopatikana. Kwa maandalizi, alisema, amempa alama zote.

Mama Dobi, hatua nne kutoka hapo, alimwomba Mungu mtoto wake anyamaze. Alimkazia macho kama anavyomkazia mgeni anayetaka kusema jambo baya mbele ya watoto. Nyamaza, mwanangu. Shika alama zako, ondoka.

"Sikuivuruga mimi," binti alisema. "Niliikuta hivyo. Nilipoingia nilitaka kulia."

Mkaguzi aliachia mkono. "Ni nani basi?"

Ufito ulikuwa umeshamwambia binti ni nani, lakini hakugeuka. Alikuwa tayari kubeba jambo lake peke yake. Miguu ya Mama Dobi ikaenda bila kumshauri.

"Ni mimi, baba. Mama yake. Mimi ni dobi. Niliziokota chini nikazianika upya kadiri ya akili yangu. Yeye hana kosa."

Mzee alimtazama toka khanga iliyolowa mpaka ndala, akaitazama fomu yake. Aliondoka na mkuu wa shule, wakaingia ofisini, mlango ukafungwa.

Walikaa kwenye benchi la nje, mama na binti. Mama alisema asingefungua mdomo ungekuwa mwisho wa habari, kwa nini alifungua? Binti akasema angewezaje kuwafundisha wale watoto watafute nani anajua nini na nani hajui, halafu yeye asimame pale na kudanganya. Halafu akaanza kucheka, akamshika mama goti. Alisema hata wakimnyang'anya chaki leo, amemsikia Betri akiongea. Muhula mzima hakufungua mdomo, mama. Umemsikia? Mama alikiri amemsikia. Na kwa kweli, pamoja na hofu aliyokuwa nayo, kulikuwa na kitu kingine kinachomrukaruka kifuani, maana alikuwa bado hajakubali kwamba kilele ni kwenye matusi. Yeye alikuwa upande wa kabati. Binti akashangaa. Wakabishana kwa kunong'ona, vichwa vimekaribiana, hata wakasahau kuangalia saa.

Ndani sauti ya mkaguzi ilipanda, ya mkuu ikajibu, kiti kikaburuzwa. Wote wawili waligeukia mlango. Kitasa kilizunguka.

Mlango ulifunguliwa, na mkuu wa shule akasimama kizingitini na fomu mkononi, uso wake ule ule usiosema kitu.

"Mwalimu," alisema, "maandalizi amekupunguzia. Kumudu darasa amekuongezea, na amezidisha. Ingia utie saini, umethibitishwa."

Binti aliingia. Mkuu aliushikilia mlango wazi, akamgeukia mwanamke aliyebaki kwenye benchi.

"Na wewe mama, pita. Mzee anasema hatoki humu mpaka umweleze kwa nini matusi uliyaweka mwishoni."